Tusimsemee Mgonjwa: Namna Ubora wa Maisha ya Mwenye Saratani Unavyopimwa

Na Katibu wa Kamati ya Msikiti, Morogoro

Mgonjwa wa Kiislamu akiulizwa hali yake, jibu la kwanza linalomtoka ni "Alhamdulillah". Ni jibu la imani na ni adabu njema mbele ya Mola wake. Lakini muuguzi aliyemuuliza ana karatasi mkononi, na anatakiwa aandike maumivu ni makali kiasi gani, usiku umepita vipi, chakula kinakaa tumboni au kinarudi. Akiitafsiri shukrani ile kuwa mgonjwa hajambo, ushahidi wa mgonjwa umepotea hapo hapo, na hakuna daktari atakayeuona tena.

Ndugu wasomaji, jambo hili linaweza kuonekana dogo. Lakini tiba nyingi za saratani zinazotumika leo zimepitia majaribio ambamo wagonjwa waliulizwa maswali ya namna hiyo, majibu yao yakageuzwa kuwa namba, na namba zikapimwa kwa kanuni za takwimu. Kanuni hizo zikitumiwa vibaya, dawa inayowatesa watu huonekana inawafaa. Zikitumiwa vizuri, hata sauti ya aliyenyamaza huhesabiwa. Tumeona vema familia zetu zilifahamu jambo hili, kwa kuwa ndizo zinazokaa kitandani mwa mgonjwa, na mara nyingi ndizo zinazojibu kwa niaba yake.

Swali la pili

Saratani si habari ya mbali tena. Makadirio ya Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, yalionesha kuwa mwaka 2020 Tanzania ilipata wagonjwa wapya wapatao 40,000, na waliofariki kwa maradhi hayo walikuwa takriban 27,000. Saratani ya shingo ya kizazi ndiyo iliyoongoza, na waathirika wake ni mama zetu, wake zetu na dada zetu.

Hapa Morogoro njia inajulikana. Mgonjwa huteremshwa kutoka Kinole, Tawa, Mkuyuni au Kiroka hadi Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, na ikithibitika, au ikishukiwa tu, huandikiwa barua ya kwenda Dar es Salaam, katika Taasisi ya Saratani Ocean Road. Kabla ya safari familia hukaa kikao. Kwetu Uluguru, ambako ukoo hufuata upande wa mama, neno la mjomba lina uzito mkubwa katika kikao hicho. Mazao huuzwa, jamaa wa mjini hupigiwa simu, na wengine hufika kwenye kamati za misikiti kuomba nauli.

Katika vikao hivyo swali linalotawala ni moja: "Je, atapona?" Swali hilo ni la haki, na jibu lake liko kwa Allah. Lakini liko swali la pili ambalo wachache huliuliza: "Akiwa katika tiba, ataishi maisha ya namna gani?" Ataweza kusimama akaswali? Atalala usiku? Atawatambua wanawe, au atashinda amelala kwa uchovu? Wataalamu huyakusanya haya yote chini ya jina moja, ubora wa maisha. Tiba mbili zinaweza kurefusha umri kwa kiasi kilekile, moja ikamwacha mgonjwa anakaa barazani na wajukuu, nyingine ikamlaza kitandani. Kipimo cha uvimbe peke yake hakiwezi kuzitofautisha.

Maneno yanavyogeuka namba

Dodoso linalotumika zaidi duniani kwa kazi hii lilitungwa na Shirika la Ulaya la Utafiti na Tiba ya Saratani, na lilichapishwa mwaka 1993 kwa jina la QLQ-C30. Lina maswali 30. Huuliza juu ya mwili, kazi za kila siku, hisia, akili na kumbukumbu, na mahusiano na watu. Huuliza pia juu ya uchovu, kichefuchefu, maumivu, pumzi, usingizi, hamu ya kula, choo na matatizo ya fedha. Maswali 28 yana majibu manne, kuanzia "hapana kabisa", ambayo ni 1, hadi "sana", ambayo ni 4. Mawili ya mwisho huomba mgonjwa aipime afya yake na maisha yake kwa ujumla, kwa namba 1 hadi 7.

Hesabu yake si ngumu. Tuchukue maumivu, yenye maswali mawili: kama mgonjwa alikuwa na maumivu, na kama maumivu hayo yalimzuia shughuli zake. Akijibu 3 na 4, wastani wake ni 3.5. Toa 1, ubaki na 2.5. Gawanya kwa 3, kisha zidisha kwa 100. Jawabu ni 83 katika kipimo cha 0 hadi 100, ambapo 100 ndiyo maumivu ya juu kabisa. Akipewa dawa ya maumivu, na juma lililofuata akajibu 2 na 2, alama yake inakuwa 33. Ameshuka kwa 50.

Je, mshuko huo ni mkubwa? Mwaka 1998 David Osoba na wenzake walichapisha utafiti uliowauliza wagonjwa wenyewe kama wanahisi wamebadilika, kisha wakalinganisha jibu hilo na alama zao. Mabadiliko ya alama 5 hadi 10 wagonjwa waliyahisi kuwa madogo, 10 hadi 20 ya wastani, na zaidi ya 20 makubwa. Jambo hili lina faida kubwa. Jaribio lenye watu wengi linaweza kuonesha tofauti ya alama 2 na hesabu ikathibitisha kuwa haikutokea kwa bahati tu, hali hakuna mgonjwa hata mmoja aliyeihisi mwilini mwake. Uhakika wa hesabu ni kitu kimoja, na nafuu ya mja ni kitu kingine.

Ipo hadhari nyingine. Dodoso hili hutoa alama 15 tofauti. Mtafiti akilinganisha dawa mbili katika alama zote 15, na kila moja akairuhusu nafasi moja kati ya 20 ya kukosea, basi hata kama dawa zote ni sawa, na alama hizo zingekuwa hazitegemeani, uwezekano wa kupata walau "tofauti" moja ya uongo unazidi nusu. Kwa hiyo watafiti waaminifu hutangaza mapema, kabla hawajaona majibu, ni alama zipi watakazozitegemea. Anayerusha mshale kwanza kisha akachora shabaha palipoangukia hawezi kukosa.

Wasiojibu

Sasa tufike penye kiini cha elimu hii. Tuchukulie mfano wa kubuni wa wagonjwa 10 wanaoanza tiba. Sita wana nguvu kiasi, na alama ya maisha yao kwa ujumla ni 70 kila mmoja. Wanne ni dhaifu, kila mmoja ana 30. Wastani wa wote 10 ni 54.

Baada ya miezi mitatu wale sita wanarudi kliniki. Tiba imewachosha, na kila mmoja ameshuka hadi 60. Wale wanne hawakurudi: wawili wamefariki, mmoja hawezi kuinuka kitandani, mmoja amekosa nauli ya kuteremka mlimani. Karani anakusanya madodoso yaliyopo, anapiga hesabu, anapata wastani wa 60. Anachora mstari, nao unapanda kutoka 54 hadi 60. Ripoti inasema maisha ya wagonjwa yameboreka. Ukweli ni kwamba hakuna hata mmoja aliyepata nafuu. Kila aliyejibu ameporomoka kwa alama 10, na waliokuwa na hali mbaya zaidi wametoweka katika hesabu.

Tuliosoma katika vyuo vya dini tunalifahamu jambo linalofanana na hili. Wanachuoni wa hadithi walipokuta isnadi imekatika, hawakuipitisha kwa sababu tu wapokezi waliobaki ni waaminifu. Waliuliza ni nani aliyedondoka, baina ya nani na nani, na kudondoka kwake kunaathiri vipi nguvu ya habari. Pengo lenyewe lilikuwa sehemu ya hukumu. Wanatakwimu nao wamefikia mlango huohuo: dodoso lisilojazwa lina habari ndani yake, na swali la kwanza ni kwa nini halikujazwa.

Sababu huwekwa katika mafungu matatu. Fungu la kwanza ni pengo lisilohusiana na ugonjwa, kama karatasi iliyolowa mvua au muuguzi aliyesahau. Hili halina madhara makubwa. Fungu la pili ni pengo linaloelezeka kwa yale yanayojulikana tayari, kwa mfano mgonjwa ambaye majibu yake ya miezi miwili iliyopita yalikuwa yanashuka. Fungu la tatu ndilo zito: mgonjwa amenyamaza kwa sababu ya hali aliyo nayo leo, hali ambayo hakuna aliyeiandika.

Kila fungu lina dawa yake. Yakikosekana majibu machache tu ndani ya dodoso, kanuni ya QLQ-C30 huruhusu kukadiria fungu la maswali ikiwa walau nusu yake yamejibiwa. Likikosekana dodoso zima, hutumika njia za hesabu zinazofuata mwenendo wa kila mgonjwa tangu siku ya kwanza, zikimlinganisha na nafsi yake mwenyewe, hata aliyejibu mara mbili tu akatoweka. Kwa fungu la tatu, wataalamu hupima kwa pamoja alama za maisha na muda wa kuishi, ili kifo na udhaifu viingie katika hesabu badala ya kuachwa nje. Wengine huhesabu muda uliopita hadi hali ya mgonjwa iporomoke kwa alama 10, na aliyefariki huhesabiwa miongoni mwa walioporomoka.

Hata hivyo hakuna njia inayoweza kujua kwa yakini kile ambacho hakikusemwa. Kwa hiyo mtafiti mwadilifu hujaribu matokeo yake: "Tukichukulia kuwa wote walionyamaza walikuwa katika hali mbaya, je, dawa yetu bado inaonekana bora?" Hitimisho likiporomoka kwa swali hilo moja, basi halikuwa na msingi imara.

Miezi mingapi, na ya namna gani

Mwaka 1989 Aron Goldhirsch, Richard Gelber na wenzao walieleza njia ya kuunganisha urefu wa maisha na ubora wake katika tiba ya saratani ya matiti. Maisha baada ya tiba kuanza hugawanywa vipande vitatu: muda wa kuteswa na madhara ya dawa, muda wa utulivu usio na madhara wala dalili, na muda baada ya ugonjwa kurejea. Mwezi wa utulivu huhesabiwa mwezi kamili. Miezi mingine hupewa uzito kati ya 0 na 1, kulingana na thamani yake kwa mgonjwa.

Tuweke mfano mwingine wa kubuni. Tiba ya kwanza inampa mgonjwa miezi 12: minne ya mateso ya dawa, sita ya utulivu, miwili ya ugonjwa kurejea. Ya pili inampa miezi 10: mmoja wa mateso, minane ya utulivu, mmoja wa ugonjwa kurejea. Kwa anayesema kuwa kila mwezi wa uhai una thamani kamili, tiba ya kwanza ni bora, 12 kwa 10. Kwa anayesema kuwa mwezi wa mateso ya dawa au wa ugonjwa kurejea ni nusu mwezi, zote mbili ni 9, zimelingana. Kwa anayehisi kuwa miezi ya mateso ya dawa na ya ugonjwa kurejea haimfai kitu, ya pili ni bora, 8 kwa 6.

Hesabu ni ileile, wagonjwa ni walewale. Kilichobadilika ni uzito, na uzito huo hautoki maabara. Mama mwenye mtoto mchanga anaweza kuvumilia miezi minne ya dripu ili aongeze miwili ya kumlea. Mzee aliyekwisha kugawa mashamba yake anaweza kuomba miezi minane ya utulivu nyumbani kwake. Wote wawili wana haki, na hakuna mjomba, daktari wala imamu anayeweza kuutaja uzito huo kwa niaba yao bila kuwauliza.

Nani anajibu, na kwa lugha ipi

Tanzania imo katika elimu hii. Mwaka 2012 watafiti Golden Masika, Lena Wettergren, Thecla Kohi na Louise von Essen walichapisha utafiti uliofanyika Ocean Road, ambamo wagonjwa 101 walijibu dodoso la QLQ-C30 kwa Kiswahili, na baadhi yao wakakaa katika mazungumzo ya vikundi kueleza mahitaji yao. Ubora wa maisha ulionekana kuwa wa chini, na miongoni mwa mizigo mikubwa iliyotajwa ilikuwa maumivu na shida ya fedha. Tuutazame mzigo huu wa pili. Kwa mgonjwa wetu, nauli na chakula cha anayemuuguza ni sehemu ya ugonjwa.

Tukumbuke pia kuwa 101 hao ni watu waliofika Ocean Road. Aliyebaki juu mlimani kwa kukosa nauli hayumo. Kwa lugha tuliyoitumia hapo juu, yeye ni pengo la fungu la tatu. Kila msikiti unaochangia safari ya mgonjwa mmoja unamwondolea mja adha, na pia unaipunguza idadi ya wasiosikika.

Afrika Mashariki imechangia pia kipimo chake. Jumuiya ya Tiba Shufaa ya Afrika, yenye makao yake Kampala, ilitunga kipimo kifupi chenye maswali 10, saba kwa mgonjwa na matatu kwa anayemuuguza, na uthibitisho wake ulichapishwa mwaka 2010. Huuliza juu ya maumivu na wasiwasi, na pia kama mgonjwa ana amani moyoni na kama anaona maisha yake yana thamani. Alama zake ni 0 hadi 5, na asiyejua kusoma anaweza kujibu kwa mkono: ngumi iliyofumbwa ni 0, vidole vyote vitano ni 5. Bibi wa Tawa anayezungumza Kiluguru zaidi ya Kiswahili anaweza kutoa ushahidi wake kwa vidole, nao ukaingia katika hesabu sawa na wa msomi.

Tanbihi moja kuhusu wanaojibu kwa niaba. Maswali yale matatu ya anayemuuguza yanahusu hali ya muuguzaji mwenyewe. Hayampi ruhusa ya kumjibia mgonjwa. Ndugu wanaweza kuona kama mgonjwa anatembea au anatapika, lakini hofu, huzuni na maumivu yaliyojificha hawayaoni kwa usahihi. Mwana humpunguzia mama yake maumivu kwa maneno ili asionekane anakata tamaa. Mume hujibu kwa niaba ya mke kwa haya. Nia ni njema, lakini ushahidi umebadilika mikononi mwa asiyekuwa shahidi.

Kuuliza kwenyewe ni sehemu ya tiba

Asije mtu akadhani kuwa haya ni makaratasi tu. Mwaka 2010 Jennifer Temel na wenzake wa Boston, Marekani, walichapisha jaribio la wagonjwa 151 wa saratani ya mapafu iliyosambaa. Nusu walipata tiba ya kawaida, na nusu waliongezewa tiba shufaa tangu mwanzo, yaani wahudumu wanaoshughulikia maumivu, dalili na wasiwasi wa mgonjwa. Kundi hili la pili lilikuwa na ubora wa maisha ulio juu, lilipewa tiba kali chache zaidi mwishoni, na wastani wa kati wa kuishi ulikuwa miezi 11.6 dhidi ya 8.9.

Mwaka 2017 Ethan Basch na wenzake nao walitoa matokeo ya wagonjwa 766 waliokuwa katika kemotherapia. Waliokuwa wakieleza dalili zao wenyewe kwa utaratibu maalumu, na wauguzi wakaarifiwa zilipozidi, waliishi kwa wastani wa kati wa miezi 31.2, na wenzao waliofuata utaratibu wa kawaida miezi 26. Hapakuwa na dawa mpya. Kilichoongezwa ni kwamba mgonjwa alisema na kuna aliyesikia.

Wajibu wetu

Kwanza, mgonjwa aseme. Nabii Ayyub (a.s.) ni kielelezo chetu cha subira, na yeye alimweleza Mola wake madhara yaliyompata. Nabii Yaaqub (a.s.) alilia hadi macho yake yakaharibika, wala hakutolewa katika daraja la wenye subira. Kumweleza daktari maumivu kama yalivyo ni kutafuta sababu ya shifaa, na subira haiharibiki kwa hilo. Aseme "Alhamdulillah", kisha aseme, "lakini usiku sikulala."

Pili, ndugu wampishe. Penye dodoso, tumsomee asiyejua kusoma, tumfasirie asiyejua lugha, kisha tunyamaze asikike yeye. Kama hali hairuhusu kabisa na tukalazimika kujibu sisi, tumwambie muuguzi waziwazi kuwa jibu ni letu, ili liandikwe hivyo.

Tatu, mgonjwa akialikwa katika utafiti wa tiba, familia iulize. Je, utafiti una kibali cha maadili, ambacho hapa nchini hutolewa na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu? Je, umepima ubora wa maisha, na wanaotoweka watahesabiwaje? Mshiriki ana haki ya kujitoa wakati wowote bila kunyimwa huduma. Lakini ajue kuwa anaweza kuacha dawa na bado akakubali kuulizwa hali yake. Majibu ya aliyeacha dawa kwa sababu ilimshinda ni miongoni mwa yenye thamani kubwa kuliko yote, kwa kuwa ndiyo yatakayomhadharisha atakayeandikiwa dawa hiyo baada yake.

Nne, katika kikao cha ukoo, kabla mjomba hajatoa neno la mwisho, mgonjwa aulizwe uzito wake: ni miezi ipi anayoitaka, na kwa gharama ipi ya mwili wake. Huenda jibu lake likaafikiana na letu, huenda likatofautiana. Mwili ni amana aliyokabidhiwa yeye, na kabla ya kumwamulia lolote tuna deni la kumsikiliza.

Tunamuomba Allah awape shifaa wagonjwa wetu wote, walio hospitalini na walio majumbani, awarehemu waliotangulia, na awajaalie madaktari, wauguzi na watafiti uadilifu katika kila wanachokiandika. Wallahu a'lam.